Ubao mama: thamani iko kwenye mpangilio, si kwenye taa

Biashara ya mbao mama za kompyuta za mezani imo mikononi mwa kampuni chache za Taiwan. ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock ndizo zinazojaza rafu za maduka, kuanzia Taipei hadi Luthuli Avenue, Nairobi. Intel, iliyokuwa ikitengeneza mbao zake yenyewe, ilitangaza mwaka 2013 kwamba inajitoa kwenye soko hilo.

Kampuni zote nne hutegemea chipseti za Intel na AMD. Ndiyo maana mbao mbili zenye chipseti moja na prosesa moja hufanya kazi za kawaida kwa kasi inayokaribiana, ilhali bei ya moja inaweza kuwa maradufu ya nyingine. Anachouza mtengenezaji hasa ni mpangilio: umeme unapita wapi, nafasi zimewekwa wapi na kipi kimepunguzwa ili bei ishuke. Hapo ndipo mnunuzi anapaswa kutazama kabla ya kuvutiwa na taa za rangi.

Kipimo kilichojenga soko

Mwaka 1995 Intel ilitoa kipimo cha ATX: ubao wa milimita 305 kwa 244, matundu ya skrubu na milango ya nyuma vikiwa mahali panapojulikana. Ikafuata microATX ya 244 kwa 244, na mwaka 2001 VIA ya Taiwan ikaleta Mini-ITX ya 170 kwa 170. Kwa vipimo hivyo, kasha la kiwanda kimoja hupokea ubao wa kiwanda kingine, na pawasaplai ya kiwanda cha tatu huuwasha. Kikiharibika kimoja, fundi hubadilisha hicho tu.

Hali ni tofauti kwa kompyuta nyingi za ofisi zinazoingia Afrika Mashariki zikiwa zimeshatumika. Matoleo mengi ya OptiPlex ya Dell na EliteDesk ya HP hayana plagi ya kawaida ya pini 24. Yana plagi za kampuni yenyewe. Pawasaplai ikifa, ile ya kawaida haichomeki bila adapta. Bei ya kununua ni nafuu kweli, lakini gharama ya matengenezo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Umeme kwanza

Prosesa inayokula wati 120 kwa volti 1.2 huvuta ampea 100. Pawasaplai huleta volti 12, na kazi ya kuzishusha hufanywa na saketi iliyozunguka soketi ya prosesa: koili, kapasita na transista ndogo bapa. Kwenye mbao za bei ya chini, transista hizo mara nyingi huachwa wazi bila kipoza joto. Zikichemka kupita kiasi, ubao hupunguza kasi ya prosesa ili kujilinda. Katika chumba cha Mombasa au Dar es Salaam kisicho na kiyoyozi, kasoro hiyo hujitokeza haraka zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kapasita zenye elektroliti mbovu zilivimba na kuvuja kwenye kompyuta nyingi duniani. Baada ya hapo watengenezaji walihamia kwa wingi kwenye kapasita za polima. Anayenunua ubao uliotumika bado anapaswa kukagua vichwa vya kapasita. Vikiwa vimetuna, auache.

Nafasi zinazodanganya

Sloti ndefu ya pili ya kadi huonekana sawa na ya kwanza. Ichungulie ndani: pini zikiishia kabla ya nusu ya urefu, hiyo ina njia nne tu za data, au pungufu, badala ya 16. Tazama pia nafasi ya M.2, inapokaa SSD. Ikiwa chini ya kadi ya grafiki, itapikwa na joto la kadi, na kubadilisha SSD kutalazimu kuing'oa kadi kwanza. Matundu ya SATA ya kuunganishia diski yaelekee ubavuni. Yakielekea juu, kadi ndefu huyafunika.

Chipseti nayo ina mipaka yake. H610 ya Intel huruhusu nafasi mbili tu za RAM, wakati B660 huruhusu nne. Ofisi yenye H610 iliyojaza nafasi zote mbili, ikihitaji kuongeza RAM baada ya miaka miwili, italazimika kutoa kadi za zamani na kununua mpya.

Umri wa soketi

AMD ilianza kuuzia umma soketi ya AM4 mwaka 2017, na mbao nyingi za mwanzo zilikuja kupokea prosesa zilizotoka miaka mitatu baadaye, baada ya kusasisha BIOS. AM5 ilifuata mwaka 2022. Intel ilileta LGA1700 mwaka 2021 na kuhamia LGA1851 mwaka 2024. Kwa mwenye mashine nyingi, soketi inayodumu ni akiba.

Kwenye soketi za LGA na AM5, pini ziko upande wa ubao. Moja tu ikipinda, ubao unaweza kukataa kuwaka au kutoiona RAM. Mnunuzi afunue kifuniko na kumulika kwa tochi kabla ya kulipa.

Miaka ya karibuni watengenezaji wamekuwa wakiuza mbao zenye plagi zilizohamishiwa nyuma ili waya zisionekane. Zinapendeza, lakini huhitaji kasha lililotobolewa kwa ajili yake. Soko letu linaishi kwa vipuri vinavyobadilishana, na halina sababu ya kukimbilia huko.

Orodha nyingi za ununuzi wa shule na ofisi hutaja prosesa, RAM na diski, kisha huishia hapo. Ziongezwe mistari minne: kipimo cha ubao, plagi ya pini 24, nafasi nne za RAM na kipoza joto juu ya saketi ya umeme. Muuzaji atalazimika kuonyesha ubao wenyewe, na mashine itakayofika itakuwa inayotengenezeka.