Simba wa Nakuru wabanwa na uzio na maji
SENSA ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 ilipata simba 2,589 pekee kote nchini Kenya. Walio katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, yenye kilomita mraba 188 ziwa likiwamo, wamezingirwa na uzio wa umeme. Uzio huo huwakinga dhidi ya sumu na mikuki ya wafugaji wanaolipiza kisasi mifugo yao inapoliwa. Lakini pia huwafungia: dume aliyepevuka, ambaye kwa kawaida angehamia mbali, hubaki karibu na dada zake, na uzao wa ndugu hudhoofika. Isitoshe, tangu mwaka wa 2010 hivi ziwa limefura, likameza lango kuu la zamani na malisho ya nyati na pundamilia, ambao ndio windo la simba.