Je, Wajua? Mpangaji Anapoomba Kulea Watoto Nyumbani Kwako

Sogea kidogo kwenye benchi, mwenye nyumba wa Gongo la Mboto. Mpangaji wako wa vyumba vya mbele amekuomba alee watoto wa watu hapo hapo kwako, na wewe umemjibu "nitafikiria." Haya, fikiria na haya.

Je, wajua kwamba Montessori, jina ambalo siku hizi likibandikwa getini ada inapanda, lilianzia kwenye nyumba za kupanga? Ni tarehe 6 Januari 1907, mtaa wa San Lorenzo, Roma. Wazazi walikuwa wanatoka asubuhi kwenda vibaruani, watoto wanabaki wanachora kuta na kuvuruga ngazi. Kampuni iliyomiliki majengo ikapiga hesabu ya ukarabati, ikaona heri kutoa chumba na kumleta daktari Maria Montessori asimamie malezi. Umeipata hiyo? Mwenye nyumba ndiye aliyeitaka dei kea, kuokoa kuta zake! Watoto walikuwa hamsini na kitu, na bibi huyo baadaye sura yake ikachapwa kwenye noti ya lira 1,000 ya Italia. Tena usidhani ni habari za mbali: pale Msimbazi, Ilala, kuna chuo kinachofundisha walimu wa Montessori.

Na wajua mteja wa mpangaji wako anatoka wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na akijifungua pacha ni siku 100. Anaweza kuianza wiki nne kabla ya kujifungua, kwa hiyo siku anayorudi kazini, mtoto pengine hajafikisha hata miezi miwili! Baba je? Siku 3. Tatu, wala si kosa la uchapaji.

Sheria hiyo hiyo inamruhusu mama kunyonyesha hadi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wewe unayepanda daladala ya Posta, niambie: masaa mawili yanakutoa Posta hadi Gongo la Mboto, unyonyeshe, urudi? Na foleni ya Tazara ile? Ndiyo maana watoto wanaachwa karibu na nyumbani, alfajiri, kabla jogoo hajamaliza.

Hebu itazame nyumba yako yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati, na uani nyuma. Mtu angekaa achore kituo cha watoto makusudi, asingeenda mbali na hapo: korido ya kukimbilia mvua ikinyesha, uani wa kuanikia nepi, na mlango mmoja wa mbele ambao mlezi mmoja anaulinda akiwa amekaa kwenye kigoda na ndoo ya uji wa lishe. Pita nyumba yenye dei kea saa nne asubuhi uone mlangoni: kandambili ndogo ndogo zimepangwa, kila moja ina herufi ya marika peni ili wasigombanie.

Unaogopa kelele? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019: mtoto wa mwaka mmoja au miwili anahitaji kulala masaa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mchana unakuja pale unakuta kimya, unagonga ukidhani wamehama! Lakini sikufichi nusu ya pili: mwongozo huo huo unasema watoto hao wacheze na kukimbia kwa dakika 180 kila siku. Hizo dakika 180 ndizo zitakazokufikia dirishani.

Ujerumani wamelimaliza hilo kwa sheria. Tangu 2011, kelele za watoto wa kituo cha malezi hazihesabiwi kuwa uchafuzi wa mazingira! Cheka sasa: mwaka uliofuata, mahakama ya juu huko huko ikaamua kwamba mpangaji aliyekuwa akilea watoto hadi 5 kwenye fleti mjini Cologne alipaswa kupata ridhaa ya wenye jengo, kwa kuwa ile ni biashara. Kelele ruksa, ruhusa lazima.

California, Marekani, ndiko utakakoshika kichwa. Kule mwenye nyumba hawezi kumkatalia mpangaji mwenye leseni kulea watoto nyumbani, iwe nyumba ya peke yake au fleti. Mpangaji anampa taarifa ya maandishi siku 30 kabla, basi, na kituo kikubwa cha nyumbani kinaweza kufika watoto 14. Hadi watoto 12 wewe huna la kusema isipokuwa kuongeza amana; wakizidi hapo ndipo inatakiwa ridhaa yako ya maandishi!

Kwetu mambo yana mlango wake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kiwe na leseni, na wenye kazi hiyo ni watu wa Ustawi wa Jamii. Wanakuja kuangalia jengo: choo, jiko, hewa, uzio. Na jengo ni la nani? Hapo ukaguzi wa mpangaji umekuwa ukaguzi wako, baba. Choo kile cha nje kisicho na mlango nacho kitaonekana.

Je, wajua pia kwamba biashara ikiingia ndani, kodi ya pango nayo inabadilika tabia? Mpangaji anayelipa pango kwa ajili ya biashara anatakiwa akate asilimia 10, aipeleke TRA. Pango la laki moja kwa mwezi, ukichukua miezi sita kwa mpigo, ni 600,000. Mkononi kwako zinafika 540,000. Afadhali uyajue leo kuliko siku ya kuhesabu noti.

Kidogo tuvuke mpaka. Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya akina mama vocha za dei kea, wengine hawakupewa. Waliopata vocha wakawa mbele kwa ajira kwa pointi 8.5 za asilimia! Mama mwenye kazi analipa mlezi, na mlezi anakulipa wewe. Pesa inazunguka hadi mfukoni mwako.

Mombasa nako, miaka ya 1980, Bi Swafiya Said aliandaa walimu wa shule za awali za madrasa, na mpango ule ukasafiri hadi Zanzibar na Kampala. Mwanamke mmoja, nchi tatu!

Halafu wewe unayelalamika kwamba serikali inakubana, wajua 1971? Aprili mwaka huo, hapa Tanzania, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa. Laki moja! Leo hiyo dalali anaiongelea kwa mwezi.

La mwisho, usinune. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo, lakini inamkata yeyote anayenunua umeme kwenye mita. Na uji wa watoto wote wale, na feni ya kuwalaza, unadhani nani ananunua umeme pale? Wewe unamdai kodi ya miezi sita, naye anakudai LUKU.