Football, soccer, fútbol: ni mchezo gani huo?



Mwaka juzi jirani yangu hapa Marekani, mama wa Kimeksiko, alipokea barua kutoka shule ya mwanawe. Kiingereza kilisema "football", na aliyefasiri akaandika "fútbol", basi. Mama akalipa ada, akanunua njumu, mtoto akafika uwanjani akakuta wenzake wamevaa helmeti na mito mabegani! Ada haikurudishwa.

Sasa, mfasiri yule angekuwa anamfasiria Mwingereza, asingekosea hata kidogo. Football ya London ni fútbol ya Madrid. Lakini Mmarekani akisema football, kwa Kihispania ni fútbol americano. Fútbol yenyewe yeye huiita soccer. Kwa hiyo kabla hujafungua kamusi, uliza kwanza: anayesema ni wa wapi?

Wengi hudhani soccer ni neno la Wamarekani. Hapana. Lilizaliwa Uingereza karne ya 19, katika misemo ya wanafunzi wa Oxford. Walichukua "association", wakanyofoa "soc" ya katikati, wakabandika -er, kama walivyoifanya rugby kuwa rugger. Na soka yetu sisi imetoka humo humo.

Wahispania nao walijaribu kutafsiri. Mwaka 1908 mwandishi wa magazeti Mariano de Cavia alilipigia debe neno balompié: balón ni mpira, pie ni mguu. Yaani mpira wa miguu kabisa, kama tusemavyo sisi! Halikushika. Leo utalikuta zaidi katika majina ya timu, kama Real Betis Balompié na Albacete Balompié. Si kwamba Wahispania hawapendi kutafsiri, maana baloncesto, mpira wa kikapu, limekubalika Uhispania bila taabu, na balonmano pia. Nionavyo mimi, balompié lilichelewa. Huelva ilikuwa na klabu tangu 1889, watu wameshazoea kusema fútbol, na neno limeshaanza kuzaa: futbolista ni mchezaji, futbolero ni mpenzi wa mchezo. Balompié lilizaa balompédico, neno la kwenye magazeti. Sijamsikia mtu akilisema kijiweni.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa 1941. Utawala wa Franco ulikuwa umepiga vita majina ya kigeni, na Football Club Barcelona ikalazimika kuitwa Club de Fútbol Barcelona, jina lililodumu hadi miaka ya 1970. Tazameni vizuri: hata watu wale, pamoja na ukali wao wote, hawakuitupa fútbol wakaweka balompié. Walibadili tahajia na mpangilio tu. Kwao neno lilikuwa limeshakuwa la Kihispania.

Kuna jambo moja zaidi, kwa wanaosahihisha kazi za wanafunzi. Jirani yangu huandika futbol bila alama juu ya u, na mkazo huuweka mwishoni: fut-BOL. Ndivyo wasemavyo Meksiko na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati. Akademia ya Kihispania inakubali namna zote mbili, basi tusimtilie mtu kalamu nyekundu hapo. Ila mtu huyo huyo akitaja mpira wa kikapu, huenda akasema basquetbol, na baloncesto akaliona la Kihispania cha Ulaya.