Mwenye Masikio Mapana wa Kidepo: Mtambue Mbweha Kabla ya Kunyanyua Bunduki

Ndugu askari, tuseme uko lindoni usiku kaskazini-mashariki ya Uganda, katika nyika ya Karamoja. Mbele yako, hatua kama hamsini hivi, macho mawili yanang'aa katika mwanga wa kurunzi. Yako chini, karibu na ardhi. Yanazimika, yanawaka tena, kisha yanahamia kando. Mwenzako ananong'ona, "Mbweha huyo, mwizi wa mbuzi," na mkono wake tayari umekwenda kwenye bunduki. Je, ana hakika na asemalo?

Kosa huanzia kwenye jina. Neno "mbweha" katika lugha yetu limebeba wanyama wengi. Vitabu vya hadithi vimetuzoesha mbweha mwekundu wa Ulaya, mjanja wa kuiba kuku; lakini huyo haishi katika nchi zetu, kwani barani Afrika makao yake ni ukanda wa kaskazini tu, kama vile Misri. Huku kwetu Uganda, jina hilo huwaangukia hasa wanyama watatu: mbweha miraba, mbweha mgongo-mweusi na mbweha masikio. Wote watatu wamo katika Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1962, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,442, na inayopakana na Sudan Kusini. Kumwona mbweha masikio nchini Uganda ni bahati ya wale waliofika pembe hiyo ya kaskazini-mashariki.

DALILI ZA KUMTAMBUA

Mbweha miraba ana rangi ya kijivu, na ubavuni ana mstari mweupe ambao mara nyingine hufifia. Alama yake iliyo wazi zaidi ni ncha nyeupe ya mkia. Hupenda maeneo yenye miti na unyevu.

Mbweha mgongo-mweusi hupenda nyika kavu. Mgongoni ni kana kwamba ametandikwa tandiko jeusi lililochanganyika na nywele za rangi ya fedha, na ubavu na miguu yake ni ya rangi ya kutu. Ncha ya mkia ni nyeusi. Huyu ndiye ambaye mara kwa mara hutuhumiwa, na pengine kwa haki, kukamata wana-mbuzi na wana-kondoo.

Mbweha masikio ni mdogo kuliko hao wawili. Uzito wake ni kilo 3 hadi 5 tu. Masikio yake ni makubwa mno kwa kichwa kile kidogo, kwani hufikia sentimeta 12 au zaidi. Uso una weusi kuzunguka macho kama aliyevaa kinyago, miguu ni myeusi kama aliyevaa soksi, na mkia mnene unaishia kwa weusi. Ukiona hayo manne pamoja, yaani masikio, kinyago, soksi na mkia, basi umemtambua.

Usiku, rangi hudanganya. Hapo mtazame mwendo wake. Mbweha masikio hutembea polepole, kichwa kimeinama, masikio yameelekezwa ardhini. Husimama ghafla, husikiliza, kisha huchimba kwa haraka. Ndiyo sababu macho yake huwaka na kuzimika kwenye kurunzi: anainamisha kichwa kula. Akifukuzwa hapigani; hukimbia kwa kupinda huku na huku, kwa ghafla kiasi cha kumchosha adui.

Mchana, soma ardhi. Jamii yote ya mbwa huacha alama za kucha mbele ya vidole, tofauti na jamii ya paka ambao huzificha kucha zao watembeapo. Nyayo za mbweha masikio ni ndogo, na kucha za miguu ya mbele, kwa kuwa ni ndefu za kuchimbia, huacha vitone mbali kidogo na vidole. Jirani yake utaona vishimo vidogo vingi vilivyofukuliwa, na kinyesi kilichojaa maganda ya wadudu.

CHAKULA CHAKE NI USHAHIDI WAKE

Mnyama huyu ana meno kati ya 46 na 50, wakati mbwa wa nyumbani ana 42. Lakini meno hayo ni madogo, yaliyoumbwa kwa kusaga wadudu upesi. Chakula chake kikuu ni mchwa, kisha dundu wa mavi na mabuu yao, ambao huwasikia wakitambaa chini ya udongo. Kwa hiyo hupenda majani mafupi, mahali palipolishwa na nyati, pundamilia au ng'ombe. Mfugaji amwonapo karibu na kundi lake humdhania kuwa amefuata ndama, kumbe amefuata mchwa na mavi ya ng'ombe.

Huishi wawili wawili, dume na jike, pamoja na watoto wao. Watoto wakiisha kuzaliwa, dume ndiye hushika zamu pangoni, akiwalinda na kuwapa joto, wakati jike amekwenda kutafuta chakula ili apate maziwa. Askari aliye zamu atamwelewa dume huyo bila kuelezwa zaidi. Anayempiga risasi kwa dhana ameliacha pango bila mlinzi.

HATARI ILIYO YA KWELI

Hatari ya mnyama huyu iko katika maradhi. Huko Serengeti, Tanzania, kichaa cha mbwa kiliua mbweha masikio wengi katika miaka ya 1980. Na mwaka 1994 maradhi mengine ya jamii ya mbwa yaliua karibu theluthi moja ya simba wa huko, na mbweha masikio pia hawakusalimika. Mbwa wasiochanjwa wa vijijini, na hata wa kambini, huweza kuyapeleka maradhi hayo porini na kuyarudisha.

Kwa hiyo, mbweha anayekujia mchana bila woga, anayepepesuka au kudondosha mate, usimguse, wala usimguse akiwa mfu. Toa taarifa kwa askari wa wanyamapori au daktari wa mifugo. Ukiumwa na mnyama wa namna hiyo, osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo. Usingoje dalili, zikiisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Nao mbwa wa kambi wachanjwe bila kukosa.

JINSI YA KUMTAZAMA

Utafute wakati wa kiangazi, majani yakiwa mafupi, jua linapokaribia kuzama. Simama upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako. Tumia darubini, nyamaza, na usikaribie pango lenye watoto. Usiku, usimmulike kwa muda mrefu, maana mwanga humpofusha, na adui zake hawalali.

Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kuua mnyama wa porini bila kibali. Lakini hata kabla ya sheria, askari amefunzwa kanuni iliyo ya zamani zaidi: tambua kwanza, ndipo utende. Macho yanayong'aa gizani si adui mpaka uwe umemjua mwenyewe ni nani.