Tangi la Choo Katika Chombo na Jinsi ya Kulikaza

Zamani mabaharia wa majahazi walikuwa wakifunga sanduku la mbao nje ya tezi, likining'inia juu ya maji, na hilo ndilo lililokuwa choo chao. Katika bahari kuu desturi hiyo haikuleta madhara makubwa, kwa kuwa uchafu wa watu wachache hupotea katika maji mengi. Lakini mambo ni mengine katika mkondo mwembamba kama ule wa Lamu, ambako vyombo hutia nanga karibu karibu, watoto huoga pwani, na wavuvi hutafuta kaa na kamba penye mikoko. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hutoka katika choo cha mgonjwa na kumwingia mwenye afya kwa njia ya maji au chakula. Kwa hiyo mwenye chombo anayelaza abiria usiku hufanya vyema kuweka tangi la kuhifadhi uchafu huo hata upate kutolewa mahali pafaapo.

Kupata tangi ni jambo jepesi. Kulikaza ndiko kunakomtaka fundi mwangalifu. Chukua mfano wa chombo chenye watu 4, kila mmoja akitumia choo mara 5 kwa siku, na kila mara zikapita lita 3. Hizo ni lita 60 kwa siku moja, na tangi la siku mbili lazima lichukue lita 120. Lita 120 ni kilo 120 na zaidi, yaani gunia zima la mahindi pamoja na theluthi yake. Gunia hutulia lilipo, lakini maji hukimbilia upande ule ule ambao chombo kimeinamia na kukizidisha kuinama. Na chombo kinapoanguka kutoka juu ya wimbi, uzito ule huweza kusukuma kana kwamba umekuwa mara mbili. Tangi likikatika usiku wa kusi, nahodha atakuwa na uchafu wote katika ngama, na mabomba yamevunjika, na abiria wanatapika.

Basi tangi liwekwe chini, karibu na mkuku, wala si ubavuni. Likiwa kubwa, liwe na vizuizi vyenye matundu ndani yake ili maji yasiende mbio. Tangi la plastiki nene lafaa kuliko la bati au la aluminiamu, kwa maana mkojo hula madini. Litandikiwe mbao ngumu zilizofungwa kwa bolti katika mataruma, na kitako chake chote kiegemee, kwani plastiki iliyoachwa wazi chini hulegea na kupasuka polepole. Juu yake zipitishwe kanda pana za chuma kisichoshika kutu, zenye mpira chini yake ili zisisugue. Kamba ya nailoni haitoshi peke yake, kwa kuwa ikilowa hunyumbuka. Kamwe parafujo isitiwe katika tangi lenyewe, wala katika mbao za nje za chombo, ambako tundu moja laweza kuingiza bahari. Tena iachwe nafasi kidogo pande zote, maana plastiki hutuna ikijaa.

Mipira iwe ile minene iliyotengenezwa kwa maji machafu, na kila mwisho ufungwe kwa vibano viwili. Isilegezwe ikafanya bonde, kwa kuwa uchafu husimama humo na harufu hupenya hata mpira mzuri.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni bomba la hewa. Uchafu uliokosa hewa huoza kwa namna nyingine, ukatoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ikiwa nyingi huua pua kwanza, mtu asiisikie tena, kisha humwua mwenyewe. Kwa hiyo bomba liwe pana, fupi, lipande moja kwa moja hadi nje, mbali na madirisha na mbali na mdomo wa tangi la maji ya kunywa. Mtu asiingize kichwa katika tangi hata kama limekwisha kutolewa uchafu. Bomba likizibwa, na pampu ikivuta kwa nguvu, tangi hubonyea kama kopo.

Kuhusu kumwaga, sheria ya mataifa iliyoanza kutumika mwaka 2003 yahusu meli za safari za nchi hadi nchi zenye tani 400 au zaidi, au zilizoidhinishwa kuchukua watu zaidi ya 15. Uchafu usiosafishwa uliohifadhiwa tangini humwagwa zaidi ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu, karibu kilomita 22, polepole, chombo kikienda mwendo usiopungua noti 4. Chombo kidogo hakikatazwi kufuata kipimo hicho, ingawa ni afadhali kunyonyea uchafu pwani penye shimo la choo lililojengwa vizuri.

Kabla ya kutumiwa, tangi lijazwe maji safi na kuachwa siku nzima, kisha chombo kipelekwe nje penye mawimbi. Akirudi, fundi apitishe kitambaa kikavu katika kila kiungo, na akaze kanda tena, kwa kuwa mbao mpya hulala kidogo baada ya safari ya kwanza.