Ukipeleka watoto kwa nyanya wawili, hesabu siku vizuri

Kama una watoto wadogo na kwenu ni Nakuru, swali la Novemba unalijua. Shule zimefungwa, simu inalia, ni mama. Anauliza habari ya kazi, anauliza kama mvua imenyesha Nairobi, halafu kwa sauti ya mtu ambaye hata hajali: "Na watoto wanakuja lini?" Wengi hujibu mara moja yakaisha. Dadangu hujibu mara mbili, na majibu yake lazima yalingane, kwa sababu nyanya wawili wana namba za simu za kila mmoja na wanazitumia kuliko unavyofikiri.

Dadangu ni wa Bahati. Mumewe ni wa Kampi ya Moto. Angalia ramani utaona mlima Menengai umekaa katikati ya hizo nyumba mbili kama mzee anayeamua kesi. Kwetu Bahati ni baridi, kabichi, viazi na msitu. Kwa kina shemeji, upande wa barabara ya Marigat, ni joto na mbuzi, na ukisonga mbele kuelekea Mogotio unaanza kuona mashamba ya mkonge. Watoto wao ni wawili, mmoja ana miaka sita, mwingine mitatu. Desemba iliyopita niliandamana nao kwa sababu kazi yangu hufanyika kwenye laptop, na katika familia yetu hiyo maana yake ni kwamba sina kazi.

Ya barabarani sitakuchosha nayo. Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160, lakini wiki ya Krismasi kilomita huacha kuwa kipimo cha kitu chochote. Ondoka kabla jua halijachomoza. Beba mifuko ya kutapikia, zaidi ya unayodhani utahitaji. Pale Kimende mnapoona Bonde la Ufa kwa mara ya kwanza, mtasimama mtake msitake, na mtoto atataka kofia ya manyoya ambayo hataivaa tena. Baada ya Naivasha waambie watoto wahesabu punda milia kando ya barabara. Hiyo itakupa dakika ishirini za amani.

Sasa makosa yetu.

Tulipanga kulala Bahati siku nne na Kampi ya Moto siku mbili. Sababu tulikuwa nazo: Krismasi ilikuwa zamu ya Bahati, shemeji alihitajika kazini tarehe 28, na dadangu, tuseme ukweli, alitaka kulala kwa mamake. Halafu katika zile siku nne za Bahati tukatoa moja nzima kwenda mbugani. Mbuga ya Ziwa Nakuru ni nzuri, sikatai. Tuliona vifaru, tuliona miti iliyokauka ikiwa imesimama ndani ya maji, maana ziwa limepanda miaka hii hadi lango kuu la zamani likamezwa. Lakini tulirudi jioni watoto wakiwa wamelala kwenye gari, na mamangu alikuwa amepika tangu saa nane. Alisimama mlangoni akiwa na taa ya simu, akawatazama, akasema, "Basi wacheni walale." Ameishi Bahati zaidi ya miaka thelathini na hajawahi kuingia ile mbuga. Na gari lilikuwa na nafasi! Hakuna aliyefikiria kumuuliza. Ukienda na watoto, beba na nyanya. Mtaona wanyama wachache kwa sababu ataongea njia nzima, lakini hiyo ndiyo safari yenyewe.

Siku iliyofaa kuliko zote haikuwa na mpango. Mvua ilinyesha, hakuna kutoka nje, na cucu akawakalisha watoto jikoni wamsaidie kutoa maharagwe kwenye maganda.

Hapa lazima nikwambie kitu. Watoto hawa hawajui Kikuyu, hawajui Kikalenjin. Kiswahili wanakielewa lakini wanajibu kwa Kiingereza. Kila Jumapili cucu hupigiwa simu ya video, mdogo anasema "hi cucu, bye cucu," kisha anakimbia. Mtaala wa shule unasema wadogo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao hadi gredi ya tatu, sawa, lakini niambie lugha ya eneo la Kasarani ni ipi. Sitaki kumlaumu dadangu. Ukiwa na mume wa lugha nyingine, mlezi wa lugha ya tatu na shule ya Kiingereza, nyumbani mnaongea kile kinachotoka.

Basi mdogo akaanza kuhesabu maharagwe kwa Kiswahili kama alivyofundishwa shuleni. Moja, mbili, tatu. Cucu naye akajibu: ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ. Mtoto akasimama hapo kwenye ithatũ, akamkazia macho, kama mtu aliyesikia jina lake sokoni. Akarudia. Kisha wakaenda kwa nne, ambayo ni inya, na mkubwa akaanguka chini kwa kicheko. Wewe unajua ni kwa nini. Cucu pia alijua, akairudia kama mara kumi. Kufika jioni wote wawili walikuwa wanahesabu hadi kumi, na cucu alikuwa akiita majirani waje wasikie.

Asubuhi ya kuondoka ndipo babangu alinishangaza. Babangu haongei kuhusu Januari 2008. Mwishoni mwa mwezi huo vita vilifika Nakuru mjini, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa familia zilizofukuzwa makwao. Nduguye, aliyekuwa na shamba upande wa Molo, alilala hapo na watoto wake. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka magodoro. Dadangu alipoleta mchumba Mkalenjin hakukataa. Wazee walikuja, mbuzi walihesabiwa, alicheka panapostahili kucheka. Lakini hajawahi kukanyaga Kampi ya Moto, na kila mwaka kuna sababu: mara mgongo, mara ng'ombe anakaribia kuzaa.

Usiku ule yule wa miaka sita alikuwa amekaa karibu naye akimsimulia kuhusu kwa kogo, vile mbuzi wanaingia hadi jikoni na hakuna anayewafukuza. Guka akasikiliza. Akauliza, "Na viazi wanapanda huko?" Mtoto akasema hajui, ila kuna joto sana. Asubuhi nikakuta nusu gunia la viazi na kabichi tatu nyuma ya gari. Nikamuuliza kama ni za kupeleka Nairobi. "Hiyo ni ya huko," akasema, na akaenda kuangalia ng'ombe. Hakutaja huko ni wapi.

Tulipita Menengai njiani. Kutoka ukingoni unaona mvuke ukitoka chini kwenye visima vya umeme, na mdogo akauliza ni nani anapika. Basi tukateremka upande wa joto.

Kwa kogo tulianza kwa kuharibu. Dadangu alikuwa amebeba katoni ya maji ya chupa kwa ajili ya watoto, akaishusha mbele ya kila mtu. Kogo akaitazama ile katoni. "Kwani maji yetu iko na shida gani?" Sasa, maji ya visima ya huku kweli yana floraidi nyingi, ndiyo sababu wengi wetu tuliokulia Bonde la Ufa tuna meno ya rangi ya chai. Lakini hiyo ni kazi ya miaka ya kunywa wakati meno yanakua, si ya siku mbili za likizo. Kama una wasiwasi wa tumbo, chemsha maji jikoni kwa mwenyeji, mbele yake, useme ni mtoto ana tumbo baya. Katoni iache kwenye gari. Kitu cha kubeba bila aibu ni chandarua, maana mbu wa upande huu si wa mchezo.

Viazi vilituokoa. Shemeji alivibeba, akamwambia mamake vimetoka kwa guka wa watoto. Kogo akauliza mara mbili, "Yeye mwenyewe ametuma?" Vikapikwa usiku huohuo na jirani mmoja akaitwa.

Siku mbili ziliisha kabla sijajua choo kiko upande gani. Tukiwa tunapakia, kogo akaingia ndani akatoka na sotet, ile kibuyu ya mursik, ameikumbatia kama mtoto. Alikuwa ameyachemsha maziwa na kuyatia humo, ndani amepaka mkaa wa senetwet, siku ileile tuliyofika. Mursik haikimbizwi. Inataka siku zake, na yeye alikuwa amehesabu kwamba wajukuu wakifunga mwaka kwake watayanywa yakiwa tayari. Hakuna aliyekuwa amemwambia ni siku mbili tu. Shemeji alidhani dadangu amesema, dadangu alidhani shemeji amesema. Akafungua, akanusa, akafunga. "Hii bado," akasema.

Dadangu akaomba tuyabebe hivyo hivyo kwenye chupa. Kogo akakataa. Maziwa ambayo hayajaiva huwezi kumpa mjukuu, watu watasema nini. Akairudisha ndani, akatoka na lile gunia la viazi likiwa na chupa mbili za asali. Gunia halirudi tupu. Mjini tuliliacha kwa fundi wa simu ambaye mamangu huchukulia kwake mizigo. Jioni mama akapiga simu kusema limefika na kwamba mzee ameshaonja. Amesema nini? Hajasema kitu, ila ameonja.

Kwa hivyo Aprili tunaanza na Kampi ya Moto, siku tano. Kogo amekwisha kuuliza tarehe. Dadangu hajampa hadi likizo ya shemeji ipite kazini, kwa sababu akishaipata hiyo tarehe, maziwa yanaingia kwenye sotet.