Kununua fleti Rotterdam: unanunua nyumba au unanunua hewa?

Wadau, tangu niseme kuwa natafuta fleti ya kununua hapa Rotterdam, maswali yamekuwa mengi. Wengine mnauliza hela nimetoa wapi, wengine mnauliza kwa nini nisijenge Kigamboni. Mjomba wangu wa Tanga ndo kafunga kazi: "Mjomba, ghorofa ya tatu, chini mtu, juu mtu, kiwanja huna. Si umenunua hewa?"

Swali lake si la kijinga hata kidogo. Ngoja nieleze mambo yanavyokwenda huku Uholanzi, halafu mtaniambia wenyewe.

MTAA WENYEWE

Unaitwa Oude Westen, yaani Magharibi ya Zamani. Uko katikati ya jiji, ni mwendo mfupi tu kwa mguu kutoka stesheni kuu ya treni. Mei 14, 1940 ndege za Wajerumani ziliipiga Rotterdam mabomu na katikati ya jiji ikateketea. Sehemu kubwa ya mtaa huu ilipona, ndo maana bado una majengo ya mwisho wa karne ya 19.

Baadaye majengo yakachakaa, wenye nafasi wakahama, wahamiaji wakaingia. Mwaka 1970 wakazi wakaunda kikundi chao, Aktiegroep Oude Westen, wakadai nyumba zikarabatiwe bila wao kufukuzwa. Na walisikilizwa. Nyumba nyingi zilikarabatiwa zikawa za kupangisha kwa kodi nafuu, chini ya mashirika ya nyumba. Ukipita barabara ya West-Kruiskade leo unakuta maduka ya Wachina na Wasuriname, na ukitaka mihogo au ndizi za kupika huhangaiki.

Sasa upepo umegeuka. Stesheni mpya ilifunguliwa 2014, na vijana wenye mishahara mizuri wanataka kukaa karibu na mjini. Manispaa nayo ilikuja na mpango wa kupunguza nyumba za bei nafuu kwa kiasi cha 20,000 ifikapo 2030. Novemba 30, 2016 wananchi walipigia kura mpango huo. Wengi wa waliopiga kura waliukataa, lakini waliojitokeza hawakufika asilimia 30 iliyotakiwa, kwa hiyo kura haikuhesabika. Mnaosema kura moja haina maana, someni tena hapo.

BEI YA TANGAZO SIYO BEI UTAKAYOLIPA

Huku tangazo la nyumba linaandikwa bei, halafu herufi mbili: k.k. Maana yake gharama za kuhamisha umiliki ni za mnunuzi. Halafu bei yenyewe ni ya kuanzia tu. Watu wanatuma ofa, na mara nyingi mshindi ni aliyepanda juu ya bei.

Tuchukue mfano. Fleti imetangazwa euro 300,000. Wewe unaweka ofa ya 320,000 na unashinda. Mthamini anakuja, anasema thamani yake ni 300,000. Tangu 2018 benki kwa kawaida haikukopeshi zaidi ya asilimia 100 ya thamani. Kwa hiyo ile 20,000 ya juu inatoka mfukoni mwako. Ongeza kodi ya kuhamisha umiliki, asilimia 2 kwa nyumba ya kuishi mwenyewe, yaani 6,400. Tayari ni 26,400, na bado hujamlipa notari, mthamini wala dalali wako. Walio chini ya miaka 35 wanasamehewa hiyo kodi mara moja katika maisha, mradi bei isizidi kiwango kilichowekwa (mwaka 2025 kilikuwa euro 525,000). Mimi miaka hiyo nilishaipita, bwana.

Kitu kingine: dalali anayekuonyesha nyumba ni wa muuzaji. Atacheka na wewe, atakupa kahawa, lakini kazi yake ni kumpatia muuzaji bei nzuri. Ukitaka dalali wa kukutetea wewe, unamlipa mwenyewe.

SASA, UNANUNUA NINI HASA?

Hapa ndo namjibu mjomba. Kisheria hununui vyumba. Unanunua fungu katika jengo zima, pamoja na haki ya kutumia sehemu fulani peke yako. Paa, ngazi, kuta za nje na msingi ni mali yenu wote. Ukinunua tu, unakuwa mwanachama wa umoja wa wamiliki wa jengo, unaoitwa VvE, utake usitake. Kila mwezi unachanga.

Nyumbani jambo hili siyo geni tena. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008, na Kenya ilitunga mpya 2020. Wanaonunua fleti Kariakoo au Kilimani wasome na wao.

Tangu 2018 sheria ya huku inautaka umoja uweke akiba kila mwaka, kwa mujibu wa mpango wa matengenezo ama angalau asilimia 0.5 ya gharama ya kulijenga jengo upya. Lakini kuna umoja "unaolala": upo kwenye karatasi, haufanyi vikao, hauna akiba. Niliangalia fleti moja nzuri sana, jiko jipya, sakafu inang'aa. Nikaomba kumbukumbu za vikao, hakuna. Salio la akiba? Sifuri. Paa likivuja hapo mnatazamana. Niliondoka.

Na usisahau msingi. Rotterdam ni ardhi laini, majengo mengi ya zamani yamesimama juu ya nguzo za mbao zilizo chini ya maji. Mbao ikiwa majini inadumu. Maji ya ardhini yakishuka, kichwa cha nguzo kinapata hewa, fangasi wanaanza kula. Kurekebisha ni makumi ya maelfu ya euro. Kwa hiyo omba ripoti ya msingi kwanza, sakafu inayong'aa utaiangalia baadaye.

NILIPOFIKIA

Wadau, jana nimesaini mkataba. Sheria inampa mnunuzi siku tatu za kufikiri, anaweza kujitoa bila kueleza sababu wala kulipa faini. Leo ni siku ya kwanza.

Jengo lina fleti nane. Akiba ipo, vikao vipo, ripoti ya msingi ni safi. Shirika la nyumba linamiliki tano, na anapohama mpangaji linauza. Hii yangu ilikuwa ya mpangaji pia. Chini yangu anakaa mama mmoja Msuriname, mtu mzima, amepanga hapo miaka mingi. Mkataba wake wa kodi unalindwa na sheria, hakuna wa kumtoa kwa sababu mimi nimenunua. Lakini kwenye umoja wanapiga kura wamiliki tu. Leo shirika lina kura tano. Likiuza mbili tu, sisi wanunuzi tunakuwa wengi, na mambo ya jengo alilokaa yeye miaka yote tutayaamua sisi wageni, yeye hana kura.

Kwa hiyo mjomba, siyo hewa. Ni fungu la nane la paa, ngazi na msingi, deni la miaka 30, na kura moja. Hesabu nimeipiga, inakubali. Linaloniweka macho ni hiyo kura: nikishaingia, nitaitumiaje wakati jirani yangu hana?

Zimebaki siku mbili. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Naomba kuwasilisha.